Simu ya Mwezi wa Idd

Mwaka ule wa hamsini na nane, Mbeya nzima ilikuwa imeshikwa na homa ya kujitenga. Mwingereza alikuwa anaelekea kufungasha virago, na baadhi ya wasomi wakaona heri Nyanda za Juu, kuanzia Iringa hadi Tukuyu, ziwe nchi peke yake kabla watu wa Dar es Salaam hawajazikalia. Baraza la kulijadili jambo hilo lilipangwa wiki iliyofuata. Kibarazani kwa Mzee Zubery, fundi cherehani, lilikuwa limeshaanza siku nyingi.

"Hebu niambieni tunakosa nini," alisema Mwalimu Yotamu, Mnyakyusa mwenye sauti ya kuitia paredi. "Mchele uko Rujewa. Chai iko Mufindi. Shule ziko Tosamaganga. Hao wa pwani wanatupa nini sisi?"

"Mwezi," alijibu Zubery, bila kuinua macho kwenye kanzu aliyokuwa akiipiga pindo.

Watu wakacheka, lakini mzee hakuwa na utani, hasa akiwa na saumu ya thelathini tumboni. Mawingu huushukia mlima Loleza yakakaa kama mgeni asiyejua kuaga, na mwezi mwandamo hauonekani ng'o. Ndiyo maana kila mwaka Muharami, shemeji yake wa zamani aliyebaki Kilwa, huwaonea mwezi watu wa Mbeya kisha akawapelekea simu ya maandishi. Mwisho wa simu huweka maneno mawili ambayo Zubery huyangoja kuliko Idd yenyewe: Mwanakhamisi anakusalimu.

Mwanakhamisi alikuwa na miaka mitano Zubery alipompa mama yake talaka, akafunga cherehani yake na kupanda bara. Aliaga kwamba atarudi mwakani. Mwakani hiyo sasa ilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Barua alizomwandikia binti hazikujibiwa hata moja, na kila aliposhona gauni la msichana wa watu alijiuliza wake sasa anavaa kipimo gani. Alikuwa na hamu na mwanawe, basi, wala hakuna namna nyingine ya kulisema.

"Mkijitenga," alisema, "mwanangu atakuwa mtu wa nchi nyingine. Nitasimama barazani niwaambie kwamba kila Idd mtoto ananisalimu, nanyi mnataka kutuwekea mpaka katikati."

 

Mara tarishi wa posta akaleta bahasha. Zubery alijua kuisoma Kurani vizuri na kuandika kwa herufi za Kiarabu, lakini hizi za shule zilimshinda, na miaka yote Yotamu ndiye aliyemsomea. Akampa.

"Mwezi umeonekana. Idd leo," alisoma Yotamu.

Kibaraza kikapukutika. Kila mtu alikimbia kufungua na kupeleka habari nyumbani, wakabaki wao wawili.

"Na mwanangu?" Zubery aliuliza.

"Mzee, nisamehe. Hajakusalimu huu mwaka wa tisa. Mwanzoni Muharami aliyaandika kweli maneno yale, halafu akaacha. Siku ile yalipokosekana nilikutazama usoni nikashindwa, nikayaongeza mwenyewe. Mwaka uliofuata nikashindwa tena. Lakini kukuacha usimame mbele za watu na uongo wangu, hapana, siwezi."

Zubery aliichukua ile karatasi, akaitazama kama vile angeweza kuisoma.

"Nionyeshe yalipokuwa yakikaa."

Yotamu akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho, mahali palipokuwa peupe. Mzee akapapasa hapo kwa dole gumba, na machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. Nje watu walikuwa wameanza kupeana mikono ya Idd.

"Basi," Yotamu alisema taratibu, "barazani hutasimama tena."

"Nitasimama."

"Useme nini, mzee wangu?"

"Kati yangu na Kilwa hakuna mpaka, hakuna askari wa kuniuliza cheti. Njia iko wazi miaka kumi na tisa, na mtoto nimempoteza." Akaikunja simu, akamrudishia. "Nitawaambia mimi nilishajitenga."