Mwenye Jina Amekwisha Fika

Siku ya kujiandikisha, Mama Futi alifika chuoni lango likiwa bado limefungwa mnyororo. Msimcheke. Mwanamke wa miaka arobaini kasoro miwili, mama wa vijana wawili wanaomzidi kimo, alikuwa amekosa usingizi kama mtoto anayepelekwa chekechea. Ile futi yake ya kupimia nguo, aliyoivaa shingoni mpaka wateja wakampa jina, aliiacha juu ya cherehani, na shingo ikawa inamwasha kwa mazoea. Mumewe, fundi baiskeli mwenye mizaha isiyoisha, alimsindikiza mpaka mlangoni na kumkumbusha anyooshe kidole akitaka kwenda chooni.

Miaka kumi na sita alishona magauni meupe ya wauguzi. Aliyajua mabega ya wauguzi wa hospitali nzima, nani limeinama la kulia, nani kanenepa tangu mwaka jana. Kila gauni, kabla ya kulipiga pasi, alilivaa yeye kwanza mbele ya kioo kwa dakika mbili tatu. Siku mumewe alipomfuma hivyo, kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. Wiki ile ile akamletea fomu ya Chuo cha Jamii, kozi ya uuguzi kwa watu wazima, nafasi arobaini. Orodha ya waliochaguliwa ilipochapwa gazetini, jina lake lilikuwa la thelathini na mbili.

Nimesema jina lake, na ulimi umenikwama kidogo. Jina hilo sitalitaja, maana lina wenyewe. Ngojeni.

Mlinzi alifungua mnyororo, akamsogezea daftari la getini: jina, saa, unakwenda kwa nani, saini. Mama Futi akainama aandike. Mstari wa juu yake ulikuwa umeshaandikwa jina lake. Si kwamba lilifanana na lake. Lilikuwa lake lote, la kwake, la baba na la babu, kwa mwandiko uliolalia kushoto.

Akauliza huyu ni nani. Mlinzi, bila kuinua macho, akasema ni mama mmoja mrefu, ameingia mapema kwa mlango mdogo kwa sababu ana miadi na msajili. Mama Futi akacheka kicheko kikavu, akajiambia majina hugongana, dunia ni kubwa. Lakini katika maisha yake alimjua mtu mmoja tu aliyeandika kwa mkono wa kushoto na herufi zikalala namna ile, kama majani yaliyopigwa na upepo. Akaandika jina lile lile chini ya lile, haraka haraka, akaingia.

Ndani kulikuwa na ukumbi mrefu wenye harufu ya rangi mpya na madirisha matatu ya makarani. Dirisha la kwanza, fomu ya daktari. La pili, picha nne ndogo. La tatu, vyeti halisi, si vivuli. Foleni ilikuwa imechanganyika, wasichana waliomaliza shule juzi pamoja na watu wazima walioshika bahasha kwa mikono miwili. Mama Futi naye alikuwa na bahasha yake: cheti cha msingi, cheti cha sekondari, na kiapo cha mahakama kwamba cheti chake cha kuzaliwa kimepotea.

Kiapo hicho nacho kina hadithi yake. Mama yake mzazi alipofariki mwaka jana, Mama Futi alifungua sanduku la bati kutafuta cheti kile cha kuzaliwa, asikione. Kila kitu kilikuwemo, hata vitambaa vya mezani vya ujana wa marehemu, ila karatasi ile tu. Jirani akamwambia kwamba wiki za mwisho kuna mwanamke mrefu alikuwa akija mchana, anakaa na mgonjwa, anamlisha uji, anaondoka. Mama Futi hakuuliza zaidi. Kuna maswali mtu hayaulizi kwa sababu jibu analo.

Dirisha la kwanza lilikwenda vizuri, la pili likaenda vizuri. Kwenye la tatu alikuwako karani mwenye miwani ya kamba, mwepesi wa mkono, anayegonga mihuri kama anayetwanga. Alichukua vyeti, akafuata orodha kwa kidole, akafika thelathini na mbili, kidole kikasimama. Pembeni ya jina palikuwa pamebanwa kikaratasi cha rangi ya waridi. Karani alikisoma mara mbili. Kisha akamtazama Mama Futi usoni, kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

"Mwenye jina amekwisha fika," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe nenda ukakae kwenye benchi lile. Msajili atakuita saa nne."

Mama Futi akanyoosha mkono arudishiwe vyeti vyake. Karani alikuwa ameshavitia kwenye droo, na akazungusha ufunguo.

Basi akaketi kwenye benchi. Angeweza kuondoka, lango lilikuwa wazi, lakini vyeti vile vilikuwa ndani ya droo, na bila vyeti vile yeye ni nani? Mumewe alimwoa kwa jina lile. Wanawe waliandikwa hospitalini chini ya jina lile. Hata kibali cha banda lake la kushonea kilibeba jina lile. Naam, sasa niseme. Jina lile lilikuwa la dada yake.

Dada alikuwa darasa la saba, jina na namba yake ya mtihani zimeshapelekwa wilayani, alipopigwa na baba kwa mkanda kwa kuchelewa kurudi kutoka mazoezi ya kwaya. Baba alikuwa mtu mkali, akikohoa nyumba nzima inanyamaza. Dada naye hakuwa wa kuonewa. Akatoka na nguo alizovaa, akaenda mji mwingine kwa mama mdogo, akasema harudi. Mwezi ukapita. Baba hakumlilia binti, alililia namba. Akakaa na mwalimu mkuu, rafiki yake wa siku nyingi, wakapatana. Mdogo mtu alikuwa darasa la tano, kichwa chepesi, anafundisha mpaka wakubwa. Huyo ndiye aingie kwenye dawati la dada, kwa jina la dada. Wengi wamesoma kwa majina ya watu miaka ile, hata wewe unamjua mmoja. Walioanza wakachoka waliacha jina, wasiochoka wakaliokota.

Miezi mitatu kabla ya mtihani alifungiwa nyumbani akisoma. Kuna siku moja katika siku zile ambayo hajawahi kuielewa. Baba alimsukuma stoo, kwenye magunia, akamwambia asikohoe. Uani wakaja watoto wa shule na mwalimu wao, wakaimba wimbo wa taratibu. Mama alilia kilio cha kweli. Baadaye baba akamwambia kwamba walikuja kumwombea dada arudi salama. Lakini yeye alichungulia kwenye ufa wa mlango, na waliokuwa wakiimba hawakuwa wa darasa la saba. Walikuwa wa darasa la tano. Rafiki yake wa dawati moja alisimama mbele, kamasi na machozi vimechanganyika, ameshika ua la karatasi.

Mtihani aliufanyia ofisini kwa mwalimu mkuu, peke yake, akafaulu. Akapelekwa sekondari ya mbali, ambako hakuna aliyemjua.

Dada alirudi mara moja tu, miaka miwili baadaye, wakati wa likizo. Alisimama mlangoni, amekonda, akamwambia baba kwamba anataka jina lake ili arudi shule. Baba akamjibu, "Mwenye jina hilo yuko shule. Wewe sikujui." Dada akampita baba kwa macho, akaita ndani. Alimwita mdogo wake kwa jina lake la kuzaliwa, mara tatu. Na mdogo mtu alikuwa hapo hapo, nyuma ya pazia, amevaa sare ya sekondari, hatua nne kutoka mlangoni. Alimwogopa baba, ndiyo. Lakini tuseme ukweli uchi: hakunyamaza kwa hofu tu. Alinyamaza kwa sababu aliipenda shule kuliko dada yake. Amejichukia kwa hilo tangu siku ile mpaka leo kwenye benchi.

Saa nne na dakika chache, akaitwa.

Ofisi ya msajili ilikuwa ndogo, feni inazunguka polepole, mafaili mpaka dirishani. Msajili alikuwa mwanamume mpole mwenye mvi, wa wale ambao upole wao unatisha zaidi ya makelele. Mezani kulikuwa na daftari kubwa la zamani lenye jalada la kitambaa, kingo zimeliwa na mende. Na kwenye kiti cha ukutani, mgongo wima, aliketi mwanamke mrefu na bahasha ya plastiki magotini. Nywele zake zilikuwa na mvi kuliko umri wake. Mama Futi alimtambua kabla ya kumtazama vizuri.

"Shikamoo, dada," akasema.

Dada hakuitikia. Alikuwa akitazama feni.

Msajili akaeleza kwa utaratibu. Bibi huyu aliliona jina lake gazetini, na hakuwahi kuomba chuo. Amekuja na cheti cha kuzaliwa halisi. Ofisi ikaiomba shule ya msingi daftari la wanafunzi wa mwaka ule, nalo ndilo hili hapa. Watu wawili, jina moja, mmoja si mwenyewe. Akaweka kalamu chini na kumwuliza Mama Futi swali jepesi kuliko yote duniani. Yeye ni nani?

Hapo Mama Futi akapiga moyo konde. Alisema yote, tangu mkanda mpaka pazia, bila kujitetea. Kisha akalitaja jina lake la kuzaliwa. Ilikuwa miaka ishirini na sita hajalitamka, likamtoka kinywani kama la mgeni. Akasema aliyefanya mitihani ni yeye, akili ni zake, lakini jina ni la dada, na yuko tayari kulirudisha leo hii. Anachoomba ni asikose nafasi.

Msajili akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema jambo hili si geni, na lina njia. Ndugu wa damu akikubali na kuapa kwamba huyu ni mdogo wake, mahakama hurekebisha vyeti, na nafasi inabaki. Asipokubali, hii ni jinai, na polisi wako ng'ambo ya barabara tu. Basi tumtafute huyo mdogo mtu kwenye daftari, alisema, tuanze hapo. Kwa mara ya kwanza siku ile Mama Futi akavuta pumzi mpaka chini.

Kidole cha msajili kikashuka kwenye ukurasa wa darasa la tano. Kikasimama. Akalisoma jina kwa sauti, lile lile alilotaja Mama Futi. Kisha akaligeuza daftari ili wote wawili waone.

Jina lilikuwa limepigwa mstari mwekundu kwa rula. Mbele yake neno moja, amefariki, na tarehe, na saini ya baba. Ile saini yenye mkia mrefu, anayoifahamu kutoka kwenye ripoti zake zote.

Mama Futi akalitazama neno lile, na uani kukafunguka upya mbele yake: watoto wa darasa la tano, wimbo, ua la karatasi, kilio cha mama. Walikuja kumlilia yeye. Mtoto akihama huulizwa kahamia wapi. Akifa, nani anauliza? Baba alikuwa amepiga hesabu vizuri. Alimwua mmoja kwa wino ili apate mmoja wa kusoma, na mama alijua, na mama akalia kwa sababu alijua.

Dada naye alikuwa ameinuka kidogo kitini. Ilikuwa wazi kwamba hata yeye hakujua. Kwa kitambo kile uso wake ukawa ule wa msichana wa kwaya, na Mama Futi akaamini kwamba yameisha, kwamba sasa atashikwa mkono.

"Bibi," msajili akamwambia dada, "neno lako ndilo litakaloamua. Huyu ni mdogo wako?"

Dada akaketi tena. Akalitazama daftari, si mtu.

"Nilikuwa na mdogo wangu," akasema polepole. "Nilimpenda sana. Mara ya mwisho nilisimama mlangoni kwetu nikamwita mara tatu, kwa jina hilo hilo. Angekuwa hai angeniitikia." Akauelekezea kidole ule mstari mwekundu. "Mwacheni alivyoandikwa na baba."

Msajili akangoja, labda atageuza neno. Hakugeuza. Basi akafunga daftari, akavuta simu karibu yake, akaanza kubonyeza namba.

"Dada," akaita Mama Futi. Akaita tena. Na tena.

Dada alikuwa akikunja cheti chake cha kuzaliwa, taratibu, kwa mkono wa kushoto, akikirudisha kwenye bahasha ya plastiki.