Mteja Mpya wa Mama Ladha

Mimi ni mwalimu wa udereva. Nakaa kiti cha abiria, breki ya pili iko chini ya mguu wangu, na mshahara wangu ni wa kuzuia watu wazima wasiingie mitaroni. Kazi hii humharibu mtu. Hata nyumbani, mtu akimimina chai kwa kasi, mguu wangu wa kulia hukanyaga sakafu wenyewe. Subira sina, na wanaonijua hawanidai. Kwa hiyo siku niliyoingia nyumbani na mtoto wa mbwa ndani ya boksi la viatu, jirani yetu alishika kiuno akacheka mpaka akakaa chini.

Sikumleta kwa sababu napenda mbwa. Nilimleta kwa sababu mama yangu alikuwa ameacha kula, na mimi nilikuwa nimeishiwa maarifa.

Mama alikuwa na mgahawa nje ya lango la kiwanda cha sabuni. Wafanyakazi walimwita Mama Ladha, na jina lilimkaa. Meza zake zilikuwa na majagi ya maji, vijiti vya meno na vitambaa visafi, lakini hazikuwahi kuwa na kikopo cha chumvi. Hiyo ilikuwa sheria yake. “Chumvi ikikaa mezani, mpishi kaenda wapi?” alikuwa akisema. Mgeni akithubutu kuiomba, wenyeji walimkanyaga mguu chini ya meza kabla hajamaliza sentensi. Na wala haikuhitajika. Mama alionja kila sufuria kwa kudondoshea tone kiganjani, akafumba macho, akasikiliza ulimi wake, kisha akaongeza kitu kidogo sana au asiongeze kabisa. Nilipokuwa mdogo nilidhani anaomba dua.

Kisha homa ilikuja, na ilipoondoka iliondoka na pua yake. Pua ilipokwenda, ladha nayo ikaaga. Daktari alisema mishipa ya kunusia imeumia, huenda ikapona na huenda isipone. Mama hakumwambia mtu. Aliendelea kupika kwa mazoea, mpaka siku moja alipokusanya vyombo akakuta majagi yote makavu. Wanaume wazima walikuwa wamekula mchuzi wa chumvi tupu, kimya kimya, kwa heshima yake, wakiusukuma kwa maji. Hakuna aliyelalamika. Hicho ndicho kilichomuumiza zaidi. Wiki hiyo hiyo alifunga mgahawa akahamia kwangu na sufuria zake, akazipanga juu ya kabati la jikoni na hakuzigusa tena. Nilipika mimi, yaani tuliteseka sote. Akimega mkate akinywa chai, anasema, “Natafuna gazeti,” anasukuma sahani. Magauni yakaanza kumning'inia. Usiku nilikuwa nasikia anavyogeuka kitandani, mwepesi, na naogopa.

Mwanafunzi wangu mmoja, mwalimu mstaafu anayeendesha gari kana kwamba kabeba mayai, ndiye aliyeniambia mbwa wake amezaa. Nikajisemea, kiumbe chenye njaa ndani ya nyumba kitamwinua. Mwanamke aliyelisha kiwanda kizima hawezi kukaa kitako huku mtu analia njaa.

Nilianza kwa daktari wa mifugo, mwanamke mwenye miwani kichwani na nyingine machoni. Alimpindua mtoto wa mbwa, akamwangalia meno, akaniambia maneno mengi kwa pumzi moja. Chakula kikavu cha watoto wa mbwa, kile cha dukani, kilowekwe kwa maji ya uvuguvugu. Kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Maziwa ya ng'ombe hapana. Mifupa ya kuku hapana. Kitunguu, kitunguu saumu, viungo, chumvi, hapana, hapana, hapana.

Nikamfikishia Mama ujumbe wote. Alikuwa amemweka yule mtoto mapajani, rangi yake ya vumbi, tumbo wazi, masikio makubwa kuliko haki yake. Akamwaga chembe za chakula kikavu kiganjani, akazitazama.

“Hizi ni nini?”

“Chakula chake.”

“Hizi kokoto?”

“Mama, zinalowekwa.”

“Mteja kaja nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza, unampa kokoto zilizolowekwa.”

Basi jina likawa hilo hilo, Mteja. Mteja alizinusa zile kokoto, akaketi, akatutazama. Mama akanikata jicho. Nilikuwa nimechelewa kazini, nikaondoka.

Jioni niliporudi, nikaisikia harufu kabla sijafungua mlango. Kitunguu kinakaangwa. Kitunguu cha Mama, kinachopikwa taratibu mpaka kipate rangi ya asali, kile kilichokuwa kikiwavuta watu kutoka ng'ambo ya barabara. Niliegemea ukuta wa nje nikalia kwa furaha, mimi, ambaye wanafunzi wananiita Jiwe. Nilipoingia nilimkuta kasimama mbele ya jiko, mwiko mkononi, shingo imenyooka.

“Kala,” aliniambia. “Mteja kala. Kuku nimemuunga vizuri, kalamba sahani.”

Hapo mguu wangu ukakanyaga breki, lakini gari lilikuwa limeshaingia mtaroni.

“Mama, umetia kitunguu?”

“Sasa nimuunge na nini?”

“Na chumvi?”

Alitazama sufuria, akanitazama mimi, na mwiko ukashuka. Chini ya meza Mteja alikuwa ameanza kutapika.

Tulimkimbiza kwa daktari, Mama kambeba ndani ya kanga yake, mimi naendesha kwa namna ambayo ningemfelisha mwanafunzi yeyote. Daktari alimchoma sindano, akamwekea maji ya mshipani, akampapasa ufizi kwa kidole gumba. Kitunguu huharibu damu ya mbwa, alisema, na huyu ni mdogo. Alikuwa ametapika mapema, hiyo ni bahati. Lakini damu ingepimwa tena siku zinazofuata, na hakutaka kutudanganya.

“Nimemlisha sumu,” Mama alisema.

“Umemlisha chakula cha watu, mama yangu. Wengi wanafanya hivyo.”

“Mimi si wengi. Mimi ni mpishi.” Akaanza kuikunja kanga yake. “Nilikuwa mpishi. Nimeumwa, sinusi, sionji. Nilitia kwa kukisia, nikaongeza, nikaongeza. Sikujua hata nilichotia.”

Daktari alishusha miwani ya kichwani, akagundua anayo nyingine, akairudisha. Akamgeuzia Mama ile pua ndogo nyeusi, yenye unyevu, inayotikisika hata usingizini.

“Unaona hii? Mtu akinusa mchuzi anasikia mchuzi. Huyu anasikia kuku peke yake, maji peke yake, mkono uliomkata kuku, na sabuni iliyoosha mkono. Mtu mwenye pua nzima akisimama karibu na huyu, ni kama ana mafua. Mimi nina mafua. Binti yako huyu ana mafua. Kwake yeye, wewe hujapungukiwa na kitu kuliko sisi.”

Mama aliinama akaitazama ile pua kwa karibu sana, na njia nzima ya kurudi aliendelea kuitazama.

Agizo lilikuwa kuku wa kuchemsha na wali laini, bila kitu chochote, mpaka tumbo litulie. Baadaye vichanganywe polepole na zile kokoto, kwa sababu mbwa anayekua anahitaji madini ambayo kuku na wali peke yake havina. Ila Mteja hakutaka kula. Alilala ndani ya boksi, mbavu zinapanda na kushuka. Nikampikia mimi, akageuza uso. Nikapika tena, nikaketi mezani kujibu simu ya mwanafunzi anayetaka kujua kama taa nyekundu ina maana ile ile mvua ikinyesha.

“Sufuria yako imekauka,” Mama alisema kutoka chumba cha pili.

“Bado.”

“Imekauka. Sikiliza.”

Sikusikia kitu. Nikainuka, nikafunua mfuniko, na kweli wali ulikuwa umeanza kushika chini. Mama alikuwa mlangoni. Alikuwa hanusi, na alikuwa ameusikia kwa masikio, kupitia ukuta, kabla haujaungua.

“Maji yakiwapo yanaongea kwa sauti nene,” alisema. “Yakiisha, sauti inakuwa nyembamba. Toka hapo, mwanangu, unanitia aibu.”

Nikasogea pembeni. Akaiosha sufuria, akasimama mbele ya jiko, mikono ikabaki hewani.

“Chumvi?” aliuliza.

“Hakuna.”

“Kitunguu?”

“Hakuna, Mama.”

“Viungo?”

“Hakuna chochote.”

Akafikiri kidogo. “Kwa hiyo hakuna cha kuonja.”

“Hakuna.”

Niliona mabega yake yakishuka, polepole, kama mtu aliyetua ndoo. Kisha akaanza. Nimemwona Mama akipika maisha yangu yote na nakiri sikuwahi kumwona. Nilikuwa namtazama mdomo wakati anaonja, nikidhani siri yote iko pale. Sasa niliona vidole vikimchambua kuku na kuusaka mfupa mwembamba kama uzi, ule ambao mimi nisingeujua. Aliinamisha sikio juu ya mvuke. Alichukua punje moja ya wali akaibonyeza kati ya vidole viwili, akatikisa kichwa, akasubiri, akachukua nyingine, akaridhika. Alipima uvuguvugu kwa kifundo cha mkono, jinsi anavyopimiwa mtoto mchanga. Nilisimama pale jikoni kwangu na vinyweleo vimenisimama. Sehemu kubwa ya upishi wake haikuwahi kuwa ulimini.

Akaweka chakula sakafuni, mbele ya boksi, kisha mwanamke yule wa heshima zake akalala kifudifudi kwenye vigae, kidevu juu ya mikono, ili aone vizuri. Nami nikalala pembeni yake.

Kwanza ilikuwa pua tu. Mteja hakufungua macho. Pua ikatikisika, ikatulia, ikatikisika tena, na vitundu vyake vikafunguka pembeni, kimoja kabla ya kingine. Kisha masikio yakaamka. Kisha shingo. Tulimwona akiamka kipande kipande kuanzia mbele, mpaka mkia uliokuwa umelala tangu juzi ukagonga boksi mara moja. Chakula ambacho kwetu kilikuwa hakina harufu wala maana kilikuwa kinamwita kwa jina. Nilinusa kwa nguvu zangu zote na nikapata mvuke mtupu. Kulikuwa na ulimwengu mzima juu ya ile sahani na mimi nilikuwa nje ya mlango wake, pamoja na Mama, pamoja na yule daktari na miwani yake yote.

“Subhana,” Mama alinong'ona. “Kumbe kitu kimo.”

Mteja akatoka ndani ya boksi akiyumba, akala. Alikula mpaka sahani ikaanza kusafiri vigaeni, akaifuata akiilamba, ikagonga kabati, akaendelea. Alipomaliza alikuja moja kwa moja kwa Mama akamnusa kiganja, kile kile alichokuwa akionjea, kwa muda mrefu. Mama alilia bila kuuondoa mkono.

Damu ilipopimwa tena, daktari alisema imeshuka kidogo tu, na mtoto atakua. Nilimpigia Mama simu kutoka barabarani, gari likiwa limesimama, kabla mtu hajanisema. Akaniuliza nitarudi saa ngapi kula.

Sikumwelewa mpaka nilipofika. Sufuria zote zilikuwa zimeshuka kutoka juu ya kabati. Mteja alikuwa na sahani yake, kuku na wali na kokoto chache zilizolowekwa ndani yake. Mezani kulikuwa na sahani mbili nyingine, na jagi la maji, na vijiti vya meno. Mama alikuwa ameshaanza kula. Alikuwa anatafuna taratibu, kijiko kikienda na kurudi.

“Bado hupati ladha?” nilimuuliza.

“Sipati. Lakini ni moto, na ni laini, na nimekipika mimi.” Akachukua kijiko kingine. “Mteja kala wa kwanza. Nimemwangalia. Ameniambia ni kizuri.”

Nikaketi, nikaonja. Kuku alikuwa laini kuliko kuku yeyote niliyewahi kumla, na chakula kilikuwa chapwa kabisa. Nilijaribu kumeza kwa heshima, na mkono wangu ukaenda kwenye glasi ya maji. Aliuona. Nikakumbuka yale majagi makavu, nikauondoa mkono.

“Mama,” nilisema, “hakina chumvi.”

Hakukasirika. Aliingiza mkono katika mfuko wa aproni, ile aproni ya mgahawani, akatoa kikopo kidogo kipya chenye matundu juu, akakiweka katikati ya meza.

“Hiyo hapo,” alisema. “Tia mwenyewe.”