Mashahidi wa Pambano la Nane

Duka la Mariambai mjini Kilindoni liliuza misumari, kamba, saruji na rangi za vyombo. Nyuma ya rundo la ndoo kulikuwa na chumba chenye mabenchi mawili, televisheni moja na mashine ya gemu, ambayo mwanawe Qusai aliisimamia. Wachezaji wengi walikuwa wavuvi waliokwisha kuteremsha samaki. Waliruhusiwa kuwatukana maadui wa kwenye kioo, lakini kwa sauti ya chini, kwa kuwa Mariambai alikuwa akivuta tasbihi pale kaunta.

Alhamisi moja baada ya adhuhuri, Saleha wa Utende aliingia na leso mkononi. Ndani ya leso mlikuwa na kadi ndogo nyeusi, ile ambayo mchezaji huhifadhia alipofikia. Wao waliiita memori.

"Ya Sleyum hii," alisema Qusai. "Naijua kwa huu ufa."

Sleyum alikuwa mume wa Saleha. Siku arobaini na tatu nyuma aliondoka na mvuvi mwenzake Hemedi, katika boti ya Hemedi, kwenda kuvua upande wa Ras Mkumbi. Walikwenda wawili. Hemedi alirudi peke yake, akasema walifika mpaka Dar es Salaam kuuza samaki na Sleyum akabaki huko, kapata mwanamke Temeke. Watu waliamini kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini.

Saleha hakuamini. Alitaka mumewe asomewe hitima, na yeye akae eda miezi minne na siku kumi kama wajane wengine. Hakuwa na haja nyingine. Shehe Abeid alimwambia, bila ukali, kwamba mke wa mtu aliyehamia Temeke hana eda. Kama Sleyum ametoweka kweli, basi katika baraza la shehe huhesabiwa miaka minne tangu siku mtu alipoonekana mara ya mwisho. Ikitimia, ndipo mke anaruhusiwa kulia.

"Mtu anayehama anaacha memori yake nyumbani?" Saleha aliuliza.

"Na yuko ngazi ya arobaini na moja?" alisema Qusai. "Angeacha suruali kwanza."

Wachezaji wote waliafiki. Qusai akaichomeka kadi. Sleyum alikuwa ameishia kwenye lango la uwanja wa mashindano, ambapo shujaa hupambana na wapinzani wanane, mmoja baada ya mwingine, mpaka apatikane bingwa. Kwa kawaida mpinzani wa kwanza huwa jitu lenye shoka. Safari hii lango lilipofunguka alitoka mzee mwembamba aliyejifunga shuka, anachuruzika maji, na kafi mkononi.

"Mzee Matano wa Ndagoni," alisema mtu wa benchi la nyuma. "Alizama mwaka ule watu wa hifadhi walipoanza kuweka maboya."

"Basi gemu imefungua waliokufa baharini," alisema Qusai, akampa Saleha padi. "Kadi ni ya mumeo, cheza wewe. Mraba ni upanga, duara ni ngao, iksi unaruka."

Saleha hakuwahi kushika padi. Alibonyeza mraba, na papo hapo uhai wa shujaa wake ukaisha, akaanguka kifudifudi.

"Hukumwamkia," alisema Mariambai kutoka kaunta, bila kugeuka.

Saleha alianza upya. "Shikamoo, mzee Matano."

"Marahaba, mwanangu," alijibu mzee, akampiga kafi la kichwa.

Ilichukua mchana mzima. Mzee Matano alipopiga magoti, taa za uwanja zilianza kufifia, na hapo ikajulikana kwamba aliyeshindwa anaweza kusema mpaka taa zizimike.

"Nilikuwa na kiu tu," alisema mzee. "Maji yote yale, na mimi nina kiu."

Maji yalitiririka chini ya televisheni. Mariambai alikuja na dekio, akachovya kidole, akaonja. Yalikuwa ya chumvi. Akaagiza mifuko ya saruji isogezwe.

Saleha alirudi kesho yake na siku zilizofuata. Qusai alitundika kanga katikati ya chumba ili mgeni wake asikae na wanaume, na wanaume wakachungulia juu ya kanga.

"Kulia, Bi Saleha! Mvizie kulia!"

"Taratibu basi, huyo bibi yangu."

Aliyesema hivyo alikuwa Nabil, mmoja wa wachezaji. Bibi yake, Mwanaharusi, alizama akitafuta pweza mwambani. Alipigana kwa fimbo yake ya kuchokolea pweza, akamshinda Saleha mara tisa. Alipoangushwa alisema, "Maji yalijaa mapema siku ile. Nabil, umekonda." Nabil alisema atakula.

Alhamisi ya pili Saleha alikuwa amewashinda saba. Ndani ya duka kulikuwa na watu kumi na wanne, mmoja wao Hemedi, aliyekuja kununua kamba. Lango likafunguka na Sleyum akatoka. Alivaa shati la buluu ambalo Saleha alilifua mwenyewe. Mkono wa kulia ulikuwa umekatika kwenye kiwiko. Kiunoni alikuwa amefungwa jiwe la nanga, analikokota mchangani. Upanga aliushika kwa kushoto.

"Hujambo, Saleha."

"Sijambo, mume wangu. Unisamehe."

Mchezo ule haukuwa na kitufe cha huruma. Saleha aliposimama tu, Sleyum alipiga, kwa kuwa hakuwa na jingine la kufanya. Alimwua mkewe mara nne. Kila mara Saleha alijifuta macho kwa bega, asiiachie padi.

"Jiwe linamchelewesha akigeuka," alisema Qusai polepole. "Mzunguke."

Akamzunguka. Mara ya tano Sleyum alipiga magoti, akatazama taa, akasema haraka haraka.

"Baruti ya kuvulia ililipukia mkononi. Mbele ya Ras Mkumbi, Jumatano, kabla ya alasiri. Nilikuwa bado napumua. Hemedi alinifunga jiwe nisielee. Saleha, usini—"

Taa zikazimika. Kioo kikatangaza kwamba bingwa amepatikana. Maji yalifika mpaka mlangoni.

Hemedi alilipia kamba yake. "Ndiye," alisema. "Sauti ni yake."

Baada ya magharibi wote kumi na wanne walikaa barazani kwa Shehe Abeid. Shehe aliwasikiliza mmoja mmoja.

"Mmemwona kwa macho?"

"Kwa macho."

"Amesimama?"

"Amesimama, ameruka, kamwua mkewe mara nne."

"Nawe Hemedi?"

"Mimi ndiye shahidi wa kwanza, shehe. Mkono hana, lakini mzima."

"Na jiwe?" aliuliza Saleha.

"Hilo ni dai lake, na mdai hawi shahidi wa dai lake," alisema Shehe Abeid. "Lakini kuonekana kwake kuna mashahidi kumi na wanne. Barazani hapa sijapata kuona jambo lenye mashahidi wengi namna hii."

"Shehe, mtu amefungwa jiwe la nanga," alisema Qusai.

"Ulimwona akizama?"

"Nilimwona amelowa."

"Kulowa si kufa."

Kwa hiyo miaka minne ingehesabiwa upya, kuanzia Alhamisi ile. Kadi ingebaki dukani, maana ndiyo makazi ya mume kwa sasa, na mke hana haki ya kumfungia mume mlango.

Saleha alielewa. Hakucheza tena. Asipoonekana na mtu, alifikiri, miaka itakwenda. Nyumbani alivaa nguo nyeusi, ingawa hakuruhusiwa, akawa hatoki.

Mwezi uliofuata Hemedi alikuja dukani, akaketi benchi la mbele, akaomba kucheza. Qusai alisema padi imeharibika. Hemedi alileta yake kutoka Dar. Hakuwa mchezaji mzuri. Mzee Matano peke yake alimsumbua wiki tatu. Lakini alimwamkia kila mkubwa kwa adabu, na siku zilivyokwenda mkono ulizoea. Alipomfikia Sleyum hakuhitaji kuelekezwa habari ya jiwe. Alimzunguka na kumwangusha mara ya kwanza.

Sleyum alisema yale yale, kwa maneno yale yale, mpaka taa zikazimika.

Hemedi aliweka padi chini. "Mmemsikia? Mzima."

"Tumemsikia," walisema watu, na Mariambai akaenda kuchukua dekio.

Jioni hiyo Bimkubwa, jirani wa Saleha, aliingia uani na sinia ya visheti. Wanawake watano walikuwa nyuma yake.

"Hongera, shoga. Mumeo kaonekana tena, miaka inaanza upya leo. Vua hizo nyeusi, utamtia mkosi."

"Kasema nini?"

"Yale yale ya jiwe."

"Wote wamesikia?"

"Wote. Mpaka waliokuwa barabarani."

Saleha aliingia ndani, akavua nguo nyeusi, akajifunga kanga ya maua, akatoka kuwapokea wageni waliokuja kumpongeza.