Mwanga wa Skafu

Nyumbani walimwita Bibi Taa, kwa kumchokoza tu. Taa ya chooni ilikuwa imeungua zamani na yeye, mtaalamu wa mwanga, hana habari.

"Mwanangu ananasa mwanga kwenye matundu," mama yake aliwaambia majirani, "ila chooni tunapapasa."

Kazi yake ilikuwa hiyo kweli. Kwenye kipande cha silikoni kisichozidi ukucha alitoboa matundu madogo kuliko vumbi, akayapanga ili mwanga ukiingia uzunguke humohumo badala ya kupita zake. Miaka ilikatika matundu yakimgomea. Kisha, wiki ile, alipokimulika kipande kwa miale ya zambarau chini ya darubini, kikamjibu kwa mwanga wa samawati, mkali, palepale alipopakusudia.

"Umetutoa kimasomaso!" mkuu wa maabara alimpigia makofi. Wafadhili wangekuja Ijumaa kujionea. Wakiridhika, angepata ajira ya kudumu. Wasiporidhika, mkataba wake ulikuwa ukingoni.

Alhamisi asubuhi alipima tena, ili tu afurahishe macho. Mkono ukamteleza, darubini ikahamia pembeni, pasipo na tundu hata moja. Na pale pia pakawaka.

Akakuza picha. Kilichowaka ni kiuzi kilichojikunja, kimepita juu ya matundu kikaishia pembeni. Akajishika shingo. Ndani ya koti jeupe alikuwa amevaa skafu aliyofumiwa na mama, maana kiyoyozi cha maabara hakikuwa na huruma. Akaisogeza kwenye miale. Skafu nzima ikang'aa samawati. Sabuni ya unga huwa na dawa ya kuzing'arisha nguo, inayowaka samawati kwenye miale kama ile, na mama alikuwa akiifua skafu kila wiki.

Akinyamaza, nani angejua? Alikaa akiutazama mlango wa mkuu, kisha akainuka kabla miguu haijabadili nia.

"Mzee, ule mwanga si wetu."

"Ni wa nani?"

"Wa sabuni."

Mkuu alicheka, akidhani ni utani. Alipooneshwa skafu iking'aa, kicheko kikamkauka. "Na kesho niwaambie nini wageni? Waje tuwafulie?"

Bibi Taa aliivua skafu, akakiosha kipande, wakapima pamoja. Giza. Akaiacha kamera ya darubini ikusanye mwanga kwa muda mrefu zaidi. Ndipo kwenye ukingo wa tundu moja kikatokea kimwanga hafifu, kama kinaona haya.

"Kidogo mno," mkuu alisema.

"Lakini hiki ni chetu."

Mkuu alikitazama sana. "Siwezi kukitangaza kesho. Wageni nitawaomba wasubiri, na ajira yako isubiri vilevile. Mkataba nitakuombea nyongeza. Wakikataa, basi tena." Akafika mlangoni, akageuka. "Na hiyo skafu iache kwenu."

Jioni mama aliposimuliwa, alijishika mdomo. "Kumbe ni mimi niliyekuharibia?"

"Hapana, mama. Ulifua vizuri mno."

Walicheka mpaka wakaegemeana. Kisha Bibi Taa akachukua balbu mpya aliyoinunua njiani, akapanda stuli kule chooni, mama akaishikilia isiyumbe. Balbu ikawaka.

"Hebu angalia vizuri," mama alisema kutoka chini. "Isije ikawa sabuni."