Vifaranga Wasioacha Mizoga

Kambare akifa tangini huelea. Hilo halihitaji shule. Huelea tumbo juu, unamchota kwa wavu mdogo, unamtupa, unaandika daftarini, unaendelea na shida zako. Kwa hiyo siku mnunuzi alipokuja kuchukua vifaranga wa tangi la tatu, wakahesabiwa, wakatoka elfu moja na mia tisa badala ya elfu tatu, Bi Chekeche alijua kuna neno litasemwa hata kabla halijasemwa. Daftari lake lilikuwa na mizoga sitini tu.

"Hao wengine wameota mabawa?" shemeji yake akamuuliza, mbele ya mnunuzi, na mbele ya mlinzi wa getini aliyekuwa amewashikia ndoo.

Jina la Bi Chekeche alibandikwa kwa ajili ya kazi yake. Miaka saba alikuwa akitenga vifaranga kwa ukubwa, kila baada ya siku nne au tano, asubuhi mapema jua halijawa kali, kwa beseni lililotobolewa matundu. Wadogo wanapita, wakubwa wanabaki, kila kundi linakwenda tangi lake. Dada yake ndiye aliyemfundisha. Dada na mumewe walikianzisha pamoja kituo hicho cha kutotolesha samaki, na dada alipofariki, mume akabaki na matangi, na Bi Chekeche akabaki na kazi, na chumba kimoja kilichopakana na banda la mashine ya hewa. Vidole vyake vilikuwa vimesinyaa kwa maji kama vya mtu aliyefua nguo za ukoo mzima. Mgongo ndio tusiuzungumzie kabisa.

Shemeji mtu hakuwa mbaya. Alikuwa mjuaji, na mjuaji anachosha kuliko mbaya. Miezi miwili nyuma, Bi Chekeche akiwa kitandani na homa, mwenyewe alijitosa kutenga vifaranga, saa sita mchana, jua la utosi, huku anapiga soga na wageni. Jioni nusu ya tangi walikuwa wanaelea. Mtu mwingine angejifunza kwamba saa sita si saa ya kazi ile. Yeye alijifunza kwamba mkono wa binadamu unaua samaki, akalipiga marufuku beseni la matundu. Wasiguswe tena.

Bi Chekeche alimwambia kwamba kambare wasipotengwa hulana. Akajibiwa kwamba chakula kipo cha kutosha, watalana kwa njaa gani? Akamwambia mara ya pili, wiki iliyofuata, wakubwa walipoanza kuonekana, vichwa kama vifundo, wakizunguka tangi kwa madaha. Ndiyo kwanza shemeji akawapenda. Akawaita mabaunsa, kila mgeni akija anapelekwa kuonyeshwa. Mara ya tatu aliambiwa wazi kwamba kituo kina mwenyewe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini huyu mkuu alikuwa yeye, sasa guu la nani livunjike?

Basi mnunuzi akaondoka, akisema atarudi siku nyingine, kwa sauti ya mtu asiyerudi. Shemeji hakupandisha sauti. Alisema ufunguo wa banda la matangi unaning'inia msumarini pale mlangoni, na anayeutungua kila alfajiri anajulikana. Alisema vifaranga elfu moja ni ndoo mbili tu, tena hazihitaji nguvu za mwanamume.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimalizia.

Neno mwizi hakulitaja, ila hapakuwa na haja. Bi Chekeche alimgeukia mlinzi. Mtu huyu amekaa getini miaka sita, anajua nani anatoka na nini, mpaka kofia za mafundi anazipekua. Mlinzi akainamia ndoo yake kana kwamba ndani mlikuwa na barua ya kusoma.

Ilimuuma, tena sana. Angeweza kupiga kelele, lakini kelele nazo zinataka nguvu, na nguvu zake zilikuwa zimeishia kwenye matangi yale. Alijifuta mikono kwenye kanga.

"Shemeji, kaa na ufunguo wewe. Siku tatu mimi siingii. Hesabu ya leo umeiona. Jumatatu wahesabu mwenyewe."

Shemeji akakubali harakaharaka, akautungua ufunguo, akaufunga kwa kamba shingoni.

Bi Chekeche alijua anachokiomba. Vifaranga wale aliwapokea wakiwa mayai madogo kuliko punje za mtama, akawalisha unga kila baada ya saa mbili, akaacha hata kwenda kumwona shangazi yake mgonjwa. Siku tatu bila kutengwa maana yake mabaunsa watakula siku tatu. Angeweza kuomba tena, kwa mara ya nne, aruhusiwe kuwatenga leo hii, samaki wapone na yeye abaki mwizi. Hakuomba. Alilichagua jina lake, akaenda chumbani, na hakujiona shujaa hata kidogo.

Watu husema aliyechoka hulala popote. Waongo. Siku tatu alilala chali, akisikiliza mashine ya hewa ikinguruma ng'ambo ya ukuta, akiona kwa macho ya moyo mkia mmoja mmoja ukizama kwenye domo pana. Ikiwa Jumatatu hesabu itatoka sawa, atafungasha virago, na hana pa kuvipeleka. Ikitoka pungufu, amepona yeye, na hao hawapo tena. Hakujua aombe lipi. Jumamosi mchana mlinzi alibisha hodi, akamletea ndoo ya maji, akasema joto limezidi siku hizi, naye akaitikia kwamba kweli limezidi. Mlinzi alisimama kidogo mlangoni, kisha akarudi getini kwake.

Jumatatu asubuhi shemeji alihesabu kwa kikombe, akarudia. Elfu moja na mia tano na kumi na wawili. Mzoga, hata mmoja hakuna. Ufunguo ulikuwa bado shingoni mwake, na kwa maneno yake mwenyewe hata bafuni aliingia nao. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mdomo wazi. Hapo baunsa mmoja, mnene kama kidole gumba, akaibuka kwenye beseni la kuhesabia, na kando ya mdomo wake mkia mdogo ukitikisika bado.

Shemeji alinyoosha mkono amponde.

"Mwache," Bi Chekeche alisema. "Hana kosa. Wa kumtenga alikuwa amefungiwa nje."

"Mbona hukuniambia?"

"Mara tatu, shemeji."

Shemeji akainuka kwenye ndoo. Kisha akauvua ufunguo, akampa, akasema basi yaishe, yaliyopita si ndwele, tuwaokoe waliobaki. Na Bi Chekeche alitaka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaligusa beseni la matundu, lililojaa utando wa buibui pale pembeni. Akaurudisha.

"Ulinisema mbele ya mlinzi," alisema. "Mwite mlinzi."

Mlinzi akaja, kofia mkononi. Shemeji alikohoa, akatazama matangi, akatazama paa, halafu, tusimdhulumu, akalisema lote: kwamba shemeji yake hakuchukua hata mmoja, kwamba samaki wamelana, na kwamba kosa ni lake yeye aliyekataza wasitengwe.

Mlinzi akatikisa kichwa kukubali.

"Mimi nilijua tangu siku ile, dada," alisema. "Miaka sita nakuona ukipita pale mikono mitupu."

Alilisema kwa upole, kama zawadi. Na Bi Chekeche, aliyevumilia siku tatu bila chozi, akahisi macho yanamchoma. La shemeji lilikuwa la mtu asiyejua. Huyu alijua, na mdomo alikuwa nao, siku ile na Jumamosi vilevile. Alitaka kumuuliza. Lakini jua lilikuwa linapanda, na kwenye tangi mabaunsa walikuwa wanazunguka.

"Ijaze ndoo hiyo maji uniletee," alimwambia.

Akapangusa utando wa buibui, akainamisha mgongo wake, akaanza kuwatenga.