Siku Nne za Casimir

Kundi letu la WhatsApp la kazini linaitwa La Grande Famille, nalo lina watu mia moja arobaini na watatu. Familia gani hiyo, sijui. Familia yangu ya damu hunitafuta Noeli na kwenye vilio vya misiba. Hii nyingine hunitafuta saa kumi na moja alfajiri, nikiwa na mswaki mdomoni.

Mimi ni Madeleine, kazini wananiita Mama Mado. Nina miaka hamsini na miwili, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa karani wa wafanyakazi katika kampuni ya mabasi inayobeba wachimbaji kutoka Lubumbashi hadi migodi ya upande wa Kinsevere. Mkurugenzi wetu, Chef Lucien, alianzisha kundi hilo wakati wa corona, tulipokatazwa kukutana. Corona ilikwenda zake, kundi likabaki. Sheria yake ni moja: chef akiandika, kila mtu ajibu "Bien reçu", yaani nimepokea, ndani ya dakika kumi. Asiyejibu anapewa barua, demande d'explication, aeleze kwa maandishi kwa nini alinyamaza. Barua hizo ninaziandika mimi. Ziko tayari kwenye kompyuta, nabadilisha jina na saa tu. Niliwahi kumwandikia dereva mmoja kwa sababu alikuwa kwenye usukani na hakujibu, na wiki ileile nikamwandikia mwingine kwa sababu alikuwa kwenye usukani na akajibu.

Msidhani mimi ni mwamba. Mwaka jana baba yangu alipofariki, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na akina mama wengine, mwili uko mbele yetu, simu ikatetemeka ndani ya kikwembe nilichojifunga. Chef alikuwa anabadilisha saa za basi la Annexe. Nikajibu Bien reçu. Wimbo ulikuwa haujaisha. Dada yangu aliniona, akageuza uso. Nilimchukia chef siku hiyo, lakini nilikichukia zaidi kidole changu.

Sasa Casimir. Casimir Mwelwa ni dereva wa basi la Ruashi, mtu wa miaka thelathini na minane, maneno machache, macho mekundu siku zote. Anaamka saa nane usiku ili wachimbaji wa zamu ya asubuhi wafike kwa wakati. Alikuwa hajapata likizo kwa miaka miwili. Kila akiomba, chef hakumjibu pembeni, alimjibu kwenye kundi mbele ya watu wote: "Casimir, famille inakuhitaji." Na watu arobaini wakaweka picha za misuli na mioyo. Ungekuwa wewe, ungesema nini?

Jumatatu moja ya Septemba, mji umejaa vumbi, Casimir alirudisha basi, akaweka picha kwenye statut yake ya WhatsApp, akaenda nyumbani kulala. Ilikuwa picha ya mama yake, Mama Chishimba, amevaa kikwembe cha kanisani, ameketi kwenye kiti cha plastiki. Chini yake aliandika: "Merci Seigneur kwa yote." Na mikono miwili ya kusali.

Mtu wa kwingine ataona picha ya mama, basi. Sisi wa Lubumbashi hatusomi hivyo. Huku kwetu picha ya mzee ikitokea peke yake asubuhi kwenye statut, Mungu akatajwa, na mwenye simu akanyamaza, tayari mtu anatafuta nguo yake nyeusi sandukuni. Vifo tunavijua hivyo siku hizi. Ndugu anapopata nafasi ya kukupigia, umeshalia.

Wa kwanza alikuwa Kalaba, kijana wetu wa vipuri, ambaye hawezi kunywa maji bila kuyapiga picha. Akaandika kwenye kundi: "Courage, grand-frère." Baada yake mvua ikaanza: mishumaa, njiwa, RIP mama, Mungu alitoa Mungu ametwaa. Ilipofika saa mbili, watu zaidi ya mia walikuwa wamemlilia Mama Chishimba. Na mimi nilikuwemo, niliweka mshumaa. Kisha chef akaandika kwa herufi kubwa: direction inaungana na Casimir, amepewa siku nne za congé de circonstance, likizo ya msiba, mtu asimpigie simu, mtu asimsumbue. Tukajibu sote Bien reçu.

Mchana Casimir aliandika maneno mawili tu: "Merci famille." Halafu simu yake ikazimwa. Tukasema maskini, ana uchungu.

Jumatano chef akatuma wajumbe wa kwenda kuwapa pole wafiwa: mimi na Kalaba, na jeep ya kampuni, na nyuma yake mfuko wa unga, sukari, makala, yaani mkaa wa kupikia, na kreti mbili za vinywaji. "Photo za délégation nizione ku groupe mbele ya midi," alituambia, yaani kabla ya saa sita. Kalaba alishaupiga picha mfuko wa unga mara tatu kabla hatujatoka uani.

Tulipofika Ruashi, hatukuona bâche, lile turubai la msiba, hatukuona viti vya kukodi, hapakuwa na sauti ya mtu kulia. Palikuwa na nyumba ya matofali ambayo haijapigwa lipu na mwanamke mzee aliyeketi mlangoni, sinia mapajani, anachambua maharage. Jicho moja lilikuwa bado na wekundu wa dawa. Mimi nilidhani tumepotea njia. Kalaba alinishika mkono.

"Mama Mado, ule si njo ule wa ku photo?"

"Njo yeye."

"Mais alikufa!"

"Basi wende umuambie."

Kalaba akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa jeep. Mwanaume mzima. Nikaenda peke yangu.

"Jambo mama. Tunatafuta Casimir. Tunatoka ku kazi yake."

"Karibuni, batoto. Mukae. Casimir iko analala." Alisema hivyo kwa raha, kama mtu anayemsifu mtoto mchanga. "Tangu lundi iko analala paka kulala. Anaamuka, anakula bukari, anarudia ku kitanda. Nilimuuliza, uko mugonjwa? Ananiambia, hapana mama, bananipa congé."

Alinionyesha jicho lake. Lilikuwa na mtoto wa jicho, akapasuliwa, na Jumapili daktari alikuwa amemfungua bandeji. "Nikaona kiti, nikaona mutoto wangu. Anazeeka, Casimir! Njo pale akanipiga photo, akasema atashukuru Mungu mbele ya bantu." Kisha jicho hilo jipya likaangalia jeep. "Na bintu bile byote ni bya nini?"

Nilikuwa natafuta uongo wa maana. Kalaba, ambaye alikuwa amepata ujasiri wakati ambao haukuhitajika, akasema: "Ni bya kilio, mama."

"Kilio ya nani?"

Akatutazama mmoja mmoja, kisha akatua sinia chini.

"Miye? Munaleta makala ya kilio yangu, na niko hapa nachagua maharage? Munaniitia kifo?" Akatema mate pembeni.

Ikabidi tumweleze. Kalaba akamwonyesha simu, picha yake mwenyewe na mishumaa yote iliyomfuata. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu. Alipitisha kidole polepole, jina kwa jina, kwa muda mrefu.

"Bantu bote aba banalia miye?"

"Zaidi ya mia, mama," Kalaba alisema, kidogo kwa kujivuna.

"Siku tatu nilikufa," alisema Mama Chishimba, "na hakuna hata mumoja alikuya?"

Niliona aibu. Mia moja arobaini na watatu, na wengine wanakaa hapohapo Ruashi, barabara ya pili. Tulikuwa tumeshamaliza kulia kwa vidole, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Na hata sisi wawili tulikuja kwa sababu tumetumwa kupiga picha.

Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa. "Batamufukuza mutoto wangu?"

Jibu nilikuwa nalo. Kwa chef, kuchukua siku za msiba bila msiba ni faute lourde, kosa zito. Mtu anatoka siku hiyohiyo bila asante, na barua ya kumtoa ningeiandika mimi. Hapo simu yangu ikatetemeka. Chef: "Délégation? Photo?" Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na nane. Nilikuwa na dakika kumi za kujibu.

"On fait comment, tutafanya namna gani?" Kalaba alinong'ona. "Mama aingie mu nyumba. Tuweke photo yake ku kiti, na muchumaa pembeni. Tunapiga moja tu, tunaenda."

"Wende uwashe muchumaa ya mama yako," Mama Chishimba akamwambia.

Niliomba kumwona Casimir. Alikuwa amelala kifudifudi, mkono mmoja unagusa sakafu, mdomo wazi. Siku tatu za usingizi, na uso wake bado ulikuwa wa mtu anayeendesha basi. Sikumwamsha. Nilisimama pale nikasikia hasira inapanda polepole, hasira ya zamani, na haikuwa juu yake. Huyu mtu hakusema uongo. Tulimletea kifo cha mama yake tumeshakiandika na kukipiga muhuri, ndani yake mna usingizi wa siku nne, naye akakosa nguvu ya kuukataa.

Katika mkoba wangu hazikosi fomu za likizo. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, kilekile cha kwenye picha, nikajaza moja: Casimir Mwelwa, congé annuel, siku nne, kuanzia Jumatatu. Likizo isiyozidi siku tano ninayo haki ya kuisaini mwenyewe, haki ambayo kwa miaka kumi na mmoja sikuwahi kuitumia bila kumuuliza chef. Nikasaini. Kisha nikaandika kwenye kundi: "Mama ya Casimir iko muzima. Alikuwa anashukuru Mungu juu ya jicho. Siku ine ni congé yake ya mwaka, fomu iko na miye."

Kisha nikazima simu. Nikamwambia Kalaba azime yake. Aliniangalia kana kwamba nimemwambia avue suruali, akaenda kukaa nayo ndani ya jeep.

Nilitaka tupakie vitu turudi. Mama Chishimba akakataa.

"Makala ya kilio hairudi. Weye, ulifiwa na nani?"

"Papa. Mwaka ulipita."

"Ulimulia?"

Nilitaka kusema ndiyo. "Nilijibu message," nikasema.

Hakucheka, wala hakuuliza message gani. Akaingia ndani, akatoka na mkeka, akautandika sebuleni, akarudi kwenye maharage yake. "Basi lia. Hapa hakuna muntu atakuita."

Nililia. Sikulia vizuri, nililia kama mtu anayekohoa, kisha nikalia vizuri. Nilimlilia baba yangu na viatu vyake vya kazi, vya kampuni ya migodi ya Gécamines, alivyokuwa anavipaka rangi kila Jumapili hata baada ya kustaafu. Halafu nikalala. Nilipoamka, mchana ulikuwa umekwenda, kulikuwa na harufu ya maharage yaliyopikwa kwa makala ya kilio, na Casimir ameketi karibu yangu, amenawa uso, ameshika fomu.

"Mama Mado," alisema, "niliona messages, nikajaribu kusahihisha. Kidole kilikataa."

"Najua," nikamwambia. "Kula."

Alhamisi chef aliniita. Alikuwa amepiga simu yangu mara ishirini na sita. Fomu aliigeuza mbele na nyuma, akakosa pa kuishika, kwa kuwa ilikuwa halali. Akaamuru barua mbili: moja ya Casimir, kwa nini hakusahihisha kundi, na moja yangu, kwa nini nilinyamaza kwa muda wa saa tatu na nusu. Nilirudi kwenye kompyuta nikabadilisha majina na saa. Yangu nilisaini chini kama mtumaji, kisha nikasaini tena kama mpokeaji.

Casimir aliporudi kazini Ijumaa alijibu kwa mstari mmoja: "Hakuna muntu aliniuliza kama mama alikufa." Chef aliusoma, akauweka kwenye droo, hajawahi kuutaja tena.

Jibu langu lilikuwa fupi pia. Nilimpelekea mwenyewe mezani. Nilikuwa nimeandika: "Nilikuwa ku kilio ya papa wangu."

Alisoma mara mbili, akavua miwani.

"Mais Mama Mado, papa wako si alikufa mwaka ulipita?"

"Njo vile, chef," nikamwambia. "Nilichelewa."