Kikombe Kilichopanguswa

Swaumu aliingia katika karakana ya chuo akiwa amekumbatia chupa. Chupani mwake mlikuwa na mchanganyiko wa mafuta ya alizeti ya kwao Matungu, aliyoyakausha maji kwa moto mdogo siku mbili nzima, na mafuta ya kawaida ya transfoma. Yakihimili kilovolti thelathini bila cheche kupita, chuo kingemruhusu kuyatia katika transfoma ya karakana. Yakishindwa, kazi ya mwaka mzima ingekwisha hapo, kwa kuwa hiyo ndiyo siku ya mwisho ya vipimo.

Mwalimu Khaemba alijaza kikombe cha kupimia, akafunika, akapandisha umeme polepole. Nane. Kumi. Kumi na mbili. Tap! Cheche ikaruka.

"Kumi na mbili!" Swaumu alishika kichwa. "Mwalimu, si hata uji ungeyashinda mafuta haya!"

Khaemba aliinama akachungulia. Nyuzi nyembamba za pamba zilielea ndani ya mafuta, kati ya vitufe viwili vya shaba vinavyopitisha umeme. Umeme ulikuwa umepata daraja.

"Nani amepangusa kikombe hiki?"

Mama Jescah, mfagizi wa karakana, aliinua mkono. "Ni mimi. Kiling'aa mafuta kama midomo ya mtu aliyetoka kula ingokho, kuku wetu wa kienyeji. Nikasema mtoto asiaibike."

Swaumu alifungua kinywa amkaripie, kisha akakiona kitambaa mkononi mwa Mama Jescah: kipya, chenye maua, kile mama huyo alichofunikia chakula chake mwenyewe. Hasira ikamtoka.

"Asante, mama. Ila hiki hakipanguswi. Kinasuuzwa kwa mafuta yenyewe."

Chupani yalibaki mafuta ya kusuuzia na ya kujaza mara moja tu. Swaumu alisuuza, akamwaga, akasema bismillahi, akajaza. Nje wingu la mvua lilikuwa likitokea upande wa msituni. Bila kuambiwa, Mama Jescah alikimbia kufunga madirisha yote.

"Si uliniambia maji ndiyo adui wa mafuta haya?" akamwambia Swaumu.

Walingoja mapovu yaishe. Khaemba akawasha. Kumi na mbili ikapita. Ishirini. Mama Jescah alimshika Swaumu mkono. Thelathini. Thelathini na sita. Arobaini na moja, ndipo tap!

"Arobaini na moja!" Swaumu alirukaruka, Mama Jescah akapiga vigelegele hadi wanafunzi wa useremala wakaja mbio mlangoni.

Khaemba alikuwa ameshachukua spana, anafungua kifuniko cha transfoma. "Kelele baadaye! Hii inakunywa lita arobaini, na chupa yenu imekauka."

"Swaumu, toa simu," Mama Jescah akasema. "Waambie Matungu wakamue alizeti leo leo!"